Muulize Fundi: Mafuta yamekataa kurudi kwenye mteremko wa Soni

Barua za safari hii ni tatu, na zote ni za kebo. Zote ni za Volkswagen, na mbili ni za zile za mgongo wa kobe. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenye gari angeweza kufa.

*Shikamoo fundi. Nina Volkswagen ya mwaka 1966, injini ya 1300, niliyoachiwa na marehemu baba. Naishi Lushoto. Mwezi uliopita kebo ya mafuta ilikatika kule nyuma, karibu na kabureta. Fundi wa hapa alitaka kuitolea mbele, ikagoma, akaivuta kwa nguvu, ikakatikia ndani. Akasema bomba la ndani limeoza na dawa ni kupitisha kebo nyingine nje, chini ya sakafu. Amechukua kebo mbili za pikipiki, akaziunga, akazifunga kwa zile kamba nyeusi za plastiki. Juzi nikishuka Soni kwenda Mombo niliachia mguu, injini ikaendelea kunguruma vilevile. Nilisimama kwa rehema za Mungu. Sasa fundi anasema niongeze springi kali pale kwenye kabureta. Pia amezikata kebo za hita, ati hazina kazi. Je, niongeze springi? Na kebo inaweza kupita njia nyingine bila kuharibu gari? Halafu moja la mwisho: baba alikuwa akijisifu kwamba gari hili lilishinda Safari Rally. Alikuwa ananitania?*
*— Msomaji, Lushoto*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa Soni.

Gari hilo liegeshe leo. Usilipeleke hata gulioni. Ukimaliza kusoma haya ndipo uanze kutafuta spana.

Springi usiongeze. Nakueleza kwa nini, maana ushauri huo nimeusikia tangu nina nywele nyeusi. Springi ya kabureta kazi yake ni kufunga mlango wa hewa unapoachia mguu. Ilikuwa inatosha kwa baba yako miaka yote hiyo. Ikiwa leo haitoshi, haikuchoka yenyewe: kuna kitu kinaishika kebo njiani. Ukiweka springi kali, pedali itakuwa nzito, waya utavutwa zaidi pale pale unaposuguliwa, na baada ya miezi miwili utakatika tena. Ukiwa na bahati, utakatika ukiwa tambarare.

Sasa tuje kwenye kebo yenyewe. Umewahi kuendesha baiskeli ya breki za waya? Si zile Phoenix za breki za vyuma, nasema za waya. Ukiminya mkono, waya wa ndani unavuta, lakini lile kava la nje nalo linasukuma. Kava likiwa halikushikwa imara ncha zote mbili, unaminya, kava linajinyoosha, gurudumu halisimami. Mwenye hati ya ugunduzi huo ni Ernest Bowden, aliyeisajili Uingereza mwaka 1896, na mpaka leo vitabu vya magari huiita kebo hiyo kwa jina lake. Kebo za pikipiki ulizofungiwa ni za namna hiyo.

Ila kebo ya mafuta ya Volkswagen yako si ya namna hiyo. Ni waya mtupu, mrefu kupita mita mbili na nusu, unaopita ndani ya bomba la chuma lililochomelewa ndani ya ile nundu ndefu ya katikati ya sakafu. Unatoka kule nyuma kwenye giaboksi, unapita kwenye mpira wa plastiki, unaingia kwenye kibomba kinachotoboa nyumba ya feni, na unatokea mbele ya kabureta. Njia hiyo ni nyofu, haina tope, haina joto. Aliyeichagua alikuwa na akili, na mimi kila nikishika kebo ya gari hili namshukuru.

Fundi wako amechukua kebo inayotaka kushikwa kava ncha zote mbili, akaifunga kwa kamba za plastiki, akaipitisha kwenye tope na joto, na katikati akaweka kiungo. Injini ya gari hili inaning'inia kwenye giaboksi, na giaboksi limekaa kwenye mipira. Ukiachia klachi, injini yote inajongea. Kebo ikiwa imebana, injini ikijongea inajikanyagia mafuta yenyewe! Na kile kiungo, kila kinapopita kwenye kona, kinakwama. Hapo ndipo Soni ilipokukuta.

Simcheki fundi wako. Mwaka 1976 nilikuwa naanza ufundi Moshi, nina miaka kumi na saba, na kosa hilo nimelifanya kwa mikono yangu. Lilikuwa gari la mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Kebo iligoma kuingia kwenye bomba, nikaona taabu ya nini, nikaipitisha ubavuni, karibu na yale maboksi ya hita yanayozunguka eksozi. Ilikaa vizuri kabisa. Nikajisifu. Siku tatu baadaye mwalimu akarudi, gari linanguruma kama linataka kuruka. Mzee aliyekuwa ananifundisha hakugomba. Alinilaza chini ya gari, injini ikiwa bado inafuka, akaniambia neno moja tu: "Gusa." Nikagusa pale kebo ilipopita. Alama iko kwenye kidole cha shahada mpaka leo, wajukuu wananiuliza ni ya nini. Plastiki ya ndani ya kava ilikuwa imeyeyuka na kuganda kwenye waya.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni: ndiyo, kebo inaweza kupita njia nyingine, lakini kwanza tuhakikishe kwamba njia ya zamani imekufa kweli. Katika magari kumi niliyoambiwa "bomba limeoza", pengine mawili ndiyo yalikuwa yameoza. Yaliyobaki, aliyechoka ni fundi.

Anza kwa kutoa betri. Iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Ukiwa hapo angalia kama ina kifuniko, maana chuma cha kiti kikigusa vichwa vya betri siku umepakia mtu mnene nyuma, kiti kinashika moto. Si hadithi, nimezima moto huo kwa mchanga.

Kisha liweke gari kwenye mteremko mdogo, pua juu, na uzuie magurudumu kwa mawe mazito. Lushoto mteremko hautafutwi. Mbele, kwenye pedali, mimina mafuta ya kulegeza kutu ndani ya bomba la kebo, kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Ukikosa hayo, dizeli inafaa. Acha siku mbili. Mafuta yatashuka yenyewe kuelekea nyuma na kulowesha kile kipande kilichobaki. Siku ya tatu chukua waya mgumu ulionyooka, sukuma kipande kutokea nyuma, na mwenzako mbele akikiona akishike kwa plaizi, akizungushe taratibu huku anavuta. Azungushe, asivute kwa hasira. Hasira ndiyo iliyokifikisha hapo.

Kikitoka, usifurahi bado. Funga kitambaa kidogo chenye mafuta ya taa kwenye waya mwembamba, upitishe bombani mara nne tano. Ukitoka na matope ya kutu, endelea. Ukitoka na maji, jiulize yaliingilia wapi. Waya ukiingia mbele usitokee nyuma, hapo ndipo bomba limekatika kweli, na waya umepotelea ndani ya nundu.

Kuangalia ndani, fungua gia. Ni bolti mbili za namba 13 pale kwenye mguu wa gia. Kabla hujainyanyua, chukua chaki, weka alama jinsi kile kibati cha chini kilivyokaa, mbele ni wapi na juu ni wapi, au piga picha kwa simu. Kibati hicho ndicho kinachozuia mkono usiingie rivasi bila kukusudia. Ukikigeuza utapata gia za ajabu, utaandika barua nyingine. Ukishatoa, mulika kwa tochi. Utaona fito ya gia, utaona mabomba. Na mojawapo ya mabomba hayo, mwanangu, ni la petroli.

Hapa naomba usimame. Bomba la petroli la Volkswagen linapita humo humo ndani ya nundu, kutoka tenki la mbele mpaka injini ya nyuma. Mafundi wengi wakiona bomba la kebo limeachia hukimbilia kukata dirisha kwenye nundu na kuchomelea. Kazi hiyo inafanyika, tena ni ya haki hasa kwa bomba la klachi, ambalo huachia mbele na kufanya pedali izame. Lakini ifanyike tenki likiwa limeshushwa, bomba la petroli limekaushwa, na mtu amesimama na ndoo ya mchanga. Fundi akikuambia "nitachomelea haraka haraka tu", mpe nauli yake aende.

Kama bomba la kebo ya mafuta limeoza vipande, sikuambii uchomelee. Nunua bomba la chuma la breki, lile jembamba la kawaida, urefu wa kutosha nundu nzima. Lisafishe ncha zake kwa msasa ili zisiwe na makali. Lipitishe ndani ya nundu kando ya lile bovu, ukiongozwa na waya uliotangulia, na ulikaze mbele na nyuma kwa vibanio vya chuma vyenye mpira. Lisiguse fito ya gia wala bomba la petroli. Kebo ya Volkswagen ncha yake ya nyuma ni waya mtupu usio na kichwa, kwa hiyo inapita. Hiyo ndiyo njia mpya ninayoikubali: imehama sentimita chache tu, lakini bado iko kwenye kivuli, bado nyofu.

Njia ya nje, chini ya sakafu? Nimeifanya mara moja tu baada ya ile ya Moshi, kwa gari ambalo nundu yake ilikuwa imejazwa zege. Usiniulize nani aliweka zege. Nilitumia kebo moja nzima isiyo na kiungo, nikashika kava kwa vyuma ncha zote mbili, nikaipitisha mbali na eksozi kadiri mkono ulivyofika, kona zake pana, na kule nyuma nikaiachia ilegee kidogo ili injini ijongee itakavyo. Hata hivyo nilimwambia mwenye gari airudishe kila baada ya miezi mitatu niitazame. Hakurudi hata mara moja.

Kununua kebo: chukua ile ya zamani, unganisha vipande vyake chini, upime kwa futi. Urefu ulibadilika kadiri miaka ilivyokwenda, na maandishi ya boksi yananidanganya kila mwaka. Spea bado zipo. Magari haya yaliendelea kutengenezwa Puebla, Mexico, mpaka Julai 2003, na yaliyotoka duniani kote ni zaidi ya milioni 21, kwa hiyo usikubali kuambiwa kebo haipatikani na mtu anayetaka kukuuzia ya pikipiki.

Kuifunga ni rahisi kuliko kuitoa. Paka grisi waya wote kwa vidole, ingiza kutokea mbele, polepole, mwenzako apokee nyuma, apitishe kwenye mpira na kibomba cha feni. Ukifika kwenye kabureta, usikaze skrubu kwanza. Mwambie mwenzako akanyage pedali mpaka mwisho, aishikilie hapo. Sasa fungua mkono wa kabureta kwa kidole karibu na mwisho wake, uache nafasi ya milimita 1 kabla haujagonga kizuizi, ndipo ukaze. Unene wa shilingi, usisumbuke kutafuta kipimo. Bila nafasi hiyo, kila anayekanyaga mpaka mwisho anauvuta waya wenyewe badala ya kabureta, na waya unakatika pale pale kwenye skrubu. Umeniambia ya baba yako ilikatikia wapi? Karibu na kabureta. Basi mtu fulani, zamani, aliikaza bila milimita yake.

Kabla ya kuwasha, kanyaga na kuachia mara ishirini huku mwenzako akisikiliza nyuma. Kila ukiachia asikie "tak", kabureta imefunga. Asiposikia hata mara moja, rudi nyuma utafute. Halafu washa, panda nalo mpaka injini ipate moto kweli, rudia tena. Kebo nyingi hukaa vizuri baridi, zikipata moto ndipo zinaonyesha tabia.

Na ikitokea tena, Mungu apishe mbali: kanyaga klachi, zima swichi, funga breki. Funguo usiutoe mahali pake, usukani ukijifunga utakuwa umetoka kwenye moja ukaingia mbili. Breki za gari hili hazitegemei injini, zina nguvu ile ile hata injini ikiwa imezimwa. Barabara ya Mombo ina kilomita 30 na ushei na upande mmoja ni bonde, huna muda wa kufikiri. Lijaribu zoezi hilo uwanjani mpaka mguu ulijue wenyewe.

Hita. Angekuwa mtu wa Tanga ameniambia amekata kebo za hita, nisingesema neno, huku tunatafuta barafu. Lakini wewe uko Lushoto, na mwezi wa saba kule najua watu wanavyolala. Zirudishe. Zinapita kwenye mabomba yao ndani ya nundu ile ile, zinaishia kwenye mikono ya yale maboksi ya eksozi. Kabla ya kuzirudisha, tazama maboksi yenyewe kama yametoboka. Yakitoboka, moshi wa eksozi unaingia kwenu na joto, na moshi ule unaua bila harufu kali ya kukuonya. Maboksi yakiwa mabovu, afadhali uvae koti.

Baba yako hakukutania, ila alitia chumvi kidogo. Gari *hili* halikushinda, ndugu zake ndio walioshinda. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari kwa Volkswagen, wakati mashindano yale yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo, lakini mzee wa Moshi, yule wa "gusa", alikuwa akisimulia kama vile yeye ndiye aliyeshika usukani.

*Assalam alaykum fundi. Mimi ni mama wa Mombasa, nina Volkswagen ya 1965 ya mume wangu ambayo sasa naiendesha mimi. Nimevuta kile kishikio cha kufungulia boneti kikanifuata mkononi. Boneti imefungwa, na tenki la petroli liko humo ndani! Mshale uko karibu na mwisho. Vijana wa hapa wanataka kutumia mtaimbo.*
*— Msomaji, Mombasa*

Wa alaykum salaam, mama. Waambie vijana wakae chini wanywe chai.

Magari ya mwaka wako ndivyo yalivyo. Mdomo wa tenki uko chini ya boneti, hivyo kebo moja ya boneti ikikatika unakuwa na gari usiloweza kulinywesha. Kuanzia magari ya 1968 waliutoa mdomo ubavuni, nadhani kuna mtu kule Ujerumani aliachwa barabarani.

Habari njema ni kwamba kebo hii mara nyingi hukatikia pale pale kwenye kishikio, hasa Pwani, chumvi inaila ncha iliyo wazi. Angalia tundu ambalo kishikio kilitoka. Ukiona ncha ya waya hata ya urefu wa ukucha, umeokoka. Tafuta plaizi ile ya kujibana yenyewe, ibane ncha, kaza skrubu yake mpaka iume, halafu vuta moja kwa moja kukufuata, usivute kwa pembeni. Mtu mwingine aibonyeze boneti chini kwa viganja unapovuta, hapo kufuli linalegea. Ikifunguka, usiifunge tena mpaka kazi iishe! Weka kitambaa kikubwa kwenye kufuli ili asije mtoto akaisukuma.

Kama kishikio kimetoka na waya mrefu, yaani umekatikia kule mbele kwenye kufuli, hiyo si kazi ya barazani. Mwite fundi wa bodi mwenye subira, ataliendea kufuli kwa chini, penye bati la mbele. Tundu dogo la chini linazibika na halionekani. Boneti iliyopigwa mtaimbo itakaa mdomo wazi maisha yake yote, mvua ya masika itakuja kulala kwenye buti lako la mbele.

Kebo mpya ikiingia, tazama kwamba kava limekaa imara pale linapoanzia na pale linapoishia, na waya umepakwa grisi. Sasa sikiliza, hili ndilo ninalotaka ulikumbuke. Boneti ikiwa bado wazi, chukua bisibisi, isukume ndani ya kufuli mpaka lifunge kama vile limeshika kile kipini cha boneti. Nenda ndani, vuta kishikio. Kufuli likifunguka, rudia mara kumi. Mara zote kumi zikikubali ndipo ufunge boneti. Nimeona mafundi wazima wakifunga kwanza na kujaribu baadaye.

Na ukiwa hapo, muombe fundi akufungie waya wa pili, mwembamba, kwenye ulimi wa kufuli, aupitishe mpaka ndani ya madigadi ya gurudumu, mahali ambapo mkono wako unafika lakini macho ya wapita njia hayafiki. Kebo ikikatika tena, unaingiza mkono, unavuta, unaweka petroli, unakwenda zako. Mahali ulipouficha usimwambie mtu. Hata mimi usiniandikie.

*Fundi, nina gari la zamani la Volkswagen hapa Dodoma. Mshale wa spidi unacheza, mara 40 mara 70, na kuna kelele ya kukwaruza. Tatizo ni nini?*
*— Msomaji, Dodoma*

Kebo ni kavu au imekunjwa. Kwenye Volkswagen inazungushwa na gurudumu la mbele la kushoto, hata kama usukani wako uko kulia. Toa kile kikofia cha grisi cha katikati ya gurudumu, utaona ncha ya mraba ya kebo imechungulia na pini ndogo imeishika. Toa pini, nenda kwenye mita, fungua kebo, na waya wa ndani utauvuta. Ufute kwa kitambaa. Uviringishe polepole mezani kati ya viganja: ukiruka-ruka, umepinda, nunua mwingine. Ukiwa mzima, upake grisi nyepesi, lakini sehemu ya juu karibu na mita, urefu wa kidole, iache kavu. Grisi hupanda na waya unaozunguka, na ikifika kwenye mita imeua mita.

Ukirudisha, angalia kebo inapita wapi nyuma ya dashibodi. Kona yake isiwe ndogo kuliko mduara wa sahani ya wali. Aliyekufungia redio huenda ndiye aliyeikunja. Mshale ukiendelea kucheza baada ya hapo, ugonjwa uko ndani ya mita yenyewe, na mimi mita siifungui.